Dinosaria wa Mugoma

Kata ya Mugoma,
Ngara, Kagera.
15 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Pius,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. U hali gani huko Lindi? Joto lile limekuachia nyama kidogo mwilini? Sisi tu wazima, tunamshukuru Mungu. Maharage tumeshapura. Baba anayachambua mwenyewe kibarazani ingawa macho yamefifia, kwa hiyo kokoto tunazila kimyakimya.

Ningekupigia simu, lakini najijua, ningelia kabla ya kufika katikati.

Ni ule ujumbe wa sauti uliomtumia binti yangu Anneth, alipokuuliza swali la shule: kufa kwa dinosaria kuliwasaidiaje mababu wa komba, nyani na binadamu? Aliufungua kwa sauti ya juu, babu yake akiwa pale pale. Ulieleza vizuri, bwana mkubwa. Jiwe likaanguka kutoka angani, vumbi likaziba jua, majijusi yale yakafa. Vinyama vidogo kama panya, vilivyozoea kujificha, vikabaki. Misitu iliporudi na matunda yake, vikapanda juu bila hofu, na kwa mamilioni ya miaka vidole vikajifunza kushika tawi, macho yakageukia mbele.

Halafu ukacheka: "Walikuwa wanajificha kama mimi na mama yako, babu akikohoa njiani!"

Yesu na Maria! Niliirukia ile simu, nikachelewa.

Nilikumbuka yote, Pius. Kikohozi kile kilivyotutawanya, wewe juu ya mparachichi, mimi nyuma ya ghala. Na siku za gulio, baba akishaondoka, marehemu mama alivyotuachia uwanja tukaimba mpaka majirani wakalalamika. Nazitamani siku zile, hata hofu yake naitamani.

Baba aliacha kuchambua. Nilingoja afoke, kama siku ile ulipoacha seminari akakuambia usikanyage tena hapa. Unajua tangu hapo hata jina lako halitaji. Lakini alimgeukia Anneth, akauliza taratibu: "Kwa hiyo wale wadogo hawakutoka mpaka mkubwa alipokufa?"

"Ndiyo, babu. Ndivyo anavyosema mjomba."

Ungo ukamteleza baba magotini, maharage yakamwagika, wala hakuinama kuyaokota. Chakula cha mchana hakukigusa. Alasiri akaniita, akanituma nikuandikie.

Anneth anakushukuru, amepata alama zote. Shangazi Niragira anakusalimu na anauliza utaoa lini. Mjibu mwenyewe, mimi nimechoka kukutetea. Mungu akutunze, na siku utakayoshika safari akutangulie barabarani.

Maneno ya baba ni haya, sikuongeza wala kupunguza: "Mwandikie Pius. Mwambie yeye asingoje nife ndipo aje."

Dada yako akupendaye siku zote,
Francisca