Jina Yako mu Mukunjo

Papa Ramazani,

Ni mi, Mado, ule ulimufundisha kupanga kurasa. Minakuandikia niko na hasira, na sitakudanganya kama imepoa.

Kisha kilio yako, kisha kukuzika, balitosha numero mupya ya gazeti yetu ya muziki. Nikafungua katikati: zile kurasa mbili za mupiga gitaa wa Kipushi, zenye ulimaliza mbele ya kuingia lupitalo, kwa bamuganga. Nani angekosa kujua mukono yako? Picha inajaza upande wa kushoto, shingo ya gitaa inavuka mukunjo, na jicho inafuata kamba mpaka ku neno ya kwanza ya habari. Upande wa kuume uliacha nafasi nyeupe, munene, juu ulikuwaga unasema muziki nayo inapumua. Chini kabisa, mu herufi ndogo: kurasa zimepangwa na Didier.

Didier, mwenzetu wa kazi! Ye mwenye alilia ku kilio kupita batoto bako. Aliingia mu mashini yako ya kupangia kurasa, akafuta jina, akaweka yake. Niliposema, shefu wa gazeti akanijibu ni uchungu wa kufiwa, niende ku nyumba nipumzike. Didier akanifuata ku mulango, akaniambia polepole, "Mado, mufu hana lazima ya jina." Papa, ile neno nilirudi nayo ku nyumba. Siku tatu sikula muzuri.

Halafu nikakumbuka mazoea yako. Mbele ya kutuma kazi ku bachapaji, unaikunja karatasi na kucha ya kidole, unaangalia mukunjo inakula nini. "Mwenye hakunje, hajue kazi." Na mi peke yangu nilijua kama unafichaga jina yako mule mule, herufi ndogo sawa sisimizi. Didier hakukunja ata siku moja. Alifuta tu ile jina yenye alikuwa anaona.

Siku ya mukutano, mbele ya bote, nikatosha na kisu agrafe mbili, bile bichuma bidogo bya kushika kurasa mu mukunjo, nikanyoosha karatasi, nikamupatia shefu kioo ya kukuza herufi. Jina ilikuwa juu ya kamba ya gitaa, pale inavuka mukunjo. Shefu akasoma kwa sauti: "Ramazani na Mado."

Na Mado. Hukuniambiaga, Papa. Nililia pale pale, na bakubwa banaangalia, na sikupata haya.

Sasa mu numero yenye kuja Didier ataomba basomaji samahani, na picha yake munene. Kupanga zile kurasa zake balinipa mi. Anapita biro nzima ya gazeti ananisalimia "mama Mado, mama Mado." Wapi! Sikumusamehe, na sitaki.

Ulinikataza kuweka uso wa muntu mu mukunjo, ulisema ni kama kumupiga. Minajua. Kuanzia numero yenye itafuata kisha ile ya Didier, minakuapia, hakuna uso yenye itakatwa mu mikono yangu, na jina yako itakaa wazi mu ukurasa ya kwanza, kama mwalimu yetu. Lakini hii moja uniachie.

Ulale, Papa, usisumbuke tena. Picha ya Didier niliichapa jana, nikaikunja na kucha sawa ulinifundisha, juu ya kuhakikisha. Agrafe ya chini inapita katikati ya mudomo yake.

Mado