Maji ya Kunyolea Sinai

Iguguno, Singida

Kaka mpendwa Bonaventura,

Shikamoo. U mzima? Huku hatujambo, alizeti tumevuna, na upepo bado unaezua mapaa ya watu. Tangu tumzike baba nawe ukabadilisha namba ya simu, nyumba hii imekuwa kubwa mno. Tunakula ugali na mlenda mimi na mama, tunatazamana, tunalala.

Barua hii anakuletea katekista Antipasi, anayekuja na mahujaji wa parokia. Ndiye aliyekuona mwaka jana ukipakua chakula hotelini, chini ya Mlima wa Musa, ukajificha jikoni.

Tangu atuambie, mama amenigeuza mwalimu wa jiografia. Nimemweleza kwamba Sinai ni rasi ya pembetatu, Ghuba ya Suez upande huu, ya Akaba upande ule, katikati jangwa. Nikamsimulia habari za monasteri ya Mtakatifu Katarina, na watalii wanaopiga mbizi Bahari ya Shamu kutazama samaki wa rangi. Samaki hakuwajali. Aliposikia watu wanatoka mbali kupanda mlima wa mawe matupu, alicheka, akasema mawe hata Singida yapo, mbona hawaji. Kisha akauliza kama jangwani kuna maji ya kulowesha nywele. Nikamjibu bahari iko pande zote mbili. Akasema maji ya chumvi hayanyolei mtu.

Ndipo nikaelewa. Unajua kwetu matanga hayaanuliwi mpaka mtoto wa kwanza anyolewe. Sisi tulinyolewa, wewe hukuwepo, na mama hadi leo hajavua nguo nyeusi. Watu walisema mengi. Yeye anasema kazi ilikuzuia, na sasa aibu ndiyo inayokuficha. Mimi nilikukasirikia sana, kaka. Nimechoka kukasirika, nataka tu nisikie mtu akikohoa sebuleni.

Sasa lile aliloniomba niliandike mwisho, usije ukakimbia kabla hujamaliza kusoma. Tumeuza ng'ombe. Mama amekuja na mahujaji, yumo ndani ya basi hapo nje. Wembe aliouficha kwenye unga wa mlenda niliutoa, usije ukamkwamisha uwanja wa ndege, nikamwambia atanunua huko huko. Chupa ya maji ya kisima chetu alikataa kuiacha, nikaifunga kwenye begi kubwa.

Mlima hataupanda, magoti yamegoma. Nami nimebaki na kuku, naogopa asije akarudi bila kukuona.

Wasalimie wenzako wa jikoni, waambie nakuazima kidogo. Toka nje, kaka, uinamishe kichwa.

Ni mimi mdogo wako,
Luciana