Mabakuli Yasiyo na Majina

Tillery, Mississippi
Novemba 1968

Mwanangu Lucius,

Baridi ya huko California isikuchezee, vaa fulana. Hapa kuku wameanza kutaga tena, na paa la kanisa limezibwa.

Tulikuona kwenye televisheni ya kinyozi: medali ya mbio shingoni, umesimama jukwaani pa washindi, wimbo wa taifa unapigwa, nawe umeigeuzia bendera mgongo kwa ajili ya watu wetu weusi wanaonyimwa kura. Baba yako akasema, "Mtoto kanishinda. Mimi nimeinama miaka yote." Kesho yake kiwanda cha mbao kikamfukuza. Akaanguka kitandani, wala hakuugua siku nyingi. Tumemzika Jumamosi, mwanangu. Sikukuita kwa sababu watu wenye bunduki walikuwa wanakungoja stesheni.

Unajua misiba yetu: kila mama huleta chakula, jina lake kalibandika chini ya bakuli ili lirudi kwake. Safari hii mabakuli yamepitia mlango wa nyuma, na majina yote yamebanduliwa. Dada Verlene wa kwaya akaninong'oneza, "Usinichukie, mwenzangu. Mume wangu naye yuko kiwanda kile kile."

Jina la nini? Ile pai ya viazi vitamu ni yake, namjua anavyozidisha kungumanga. Nimeyaosha yote, nimeyapanga barazani mbele, kila apitaye ayaone. Anayetaka bakuli lake aje alichukue mchana kweupe.

Mpaka leo hajaja mtu.

Kofia ya baba yako nimekuwekea.

Mama yako,
Odessa