Aleluya Yetu Imezolewa na Theluji

Mpendwa Shangazi Zélie wa ukurasa wa ushauri, naomba msaada wa haraka, maana hapa kijijini kila mtu anaomba jua litoke na mimi peke yangu naomba theluji iendelee kuanguka mpaka mwezi wa tano.

Mimi ni msichana wa miaka kumi na tano, nasoma kwa Kifaransa na Kiingereza na nanyamaza kwa lugha zote mbili, ndiyo maana Padri Théotime alinichagua kuzika Aleluya, akasema, "Wewe huna mdomo, hakuna atakayejua ilipo," basi kabla ya Kwaresima watoto wa katekisimu wakaliandika neno hilo kwenye kitambaa, kwa kuwa hatuliimbi tena mpaka Pasaka, wakapaka rangi, na Odette wa miaka sita akachora pembeni masharubu ya babu yake tuliyemzika mwezi wa kumi, nami nikakitia ndani ya kopo la biskuti na kuahidi mbele ya kanisa zima, kwa sauti iliyofika benchi la kwanza tu, kwamba Pasaka nitakifukua.

Shangazi, ardhi ilikuwa ngumu kama chuma, mtaimbo mzito, na mechi ya hoki ilikuwa inaanza kwenye televisheni. Nikalisukumia kopo kwenye lundo la theluji pembeni mwa maegesho ya kanisa, nikachomeka fimbo ya hoki ya kaka iwe alama. Kesho yake Mjomba Médard, anayeendesha gari la kusukuma theluji, akaja nyumbani anacheka: "Binti, nimeokota fimbo nzuri kweli, si ya kaka yako hii?"

Nikamjibu, "Ahsante, mjomba." Lundo lote alikuwa ameshalizoa, kopo likiwa ndani, na theluji ikiyeyuka sitakuwa na kisingizio cha kutolifukua.

Sasa kila Jumapili Odette ananivuta sketi. "Dada, bado iko?"

"Iko."

"Apa!"

Nikaapa, Shangazi, vidole vikiwa ndani ya maji ya baraka. Jumapili iliyopita akaniuliza, "Na Aleluya isipotoka, babu atatokaje?" Nikakimbilia chooni. Nimenunua kitambaa kingine nikichore mwenyewe kwa siri, lakini masharubu yale siyawezi, yananitokea kama panya. Nifanye nini?

Mkimya wa Benchi la Nyuma

*

Mkimya wangu, nimecheka mpaka chai ikanipalia, halafu nikafika kwa Odette, kicheko kikakatika.

Kuzika kwenye theluji! Umezaliwa hapa, umekulia hapa, na hukujua Médard lazima atapita? Uvivu huo nausamehe, hata mimi nimewahi kuutazama mtaimbo ule nikasingizia mgongo. Kiapo ndicho kinachonikera. Mtoto hakukuuliza habari za kopo. Alitaka kujua kama tunayemzika tukisema atafufuka hurudi kweli, na wewe ukamjibu kwa uongo uliolowa maji ya baraka.

Hicho kitambaa cha panya kafutie vyombo. Leo hii nenda kwa kina Odette, umwambie yote, mama yake akiwepo. Atalia. Usikimbilie chooni, kaa hapo hapo. Kisha mpelekee Médard kipande cha pai ya nyama, umwulize theluji ya kanisa huimwaga wapi. Sote tunajua ni nyuma ya uwanja wa barafu, lakini mwache aone raha ya kuulizwa. Beba koleo, mchukue Odette, mchukue na kaka yako, na kila mkitoka shule mchimbe. Kopo ni la bati, halifi kwa baridi.

Mkilikosa mpaka Ijumaa Kuu, mwambie Padri, tafuta shuka jeupe, mpe Odette rangi, aanze yeye na masharubu.

Lakini usidhani umeponea hapo. Uliahidi Aleluya itatoka, na kopo lipatikane lisipatikane, itatoka. Pasaka asubuhi, mbele ya kanisa zima, atakayeanza kuiimba ni wewe, mpaka benchi la nyuma lisikie. Kwa lugha zote mbili.