Ulianza na Shamba Langu

Baba Deo, mume wangu,

Huko uliko sijui kama kuna mikutano. Kama ipo, najua umeshakuwa mwenyekiti. Hapa Kasokola mwanao Deo kachaguliwa kukaa kwenye kiti chako, na wiki ijayo anapanda lori kwenda Sumbawanga kwenye semina ya viongozi, ileile uliyokwenda wewe. Jana kaniuliza, "Mama, eti baba alibadilika kweli kule?" Nikamwambia anywe uji kwanza. Swali gumu hilo, bwana. Nimelibeba tangu enzi zako na sijalitua.

Wewe yule wa mwanzo nakukumbuka vizuri. Tulipohamishiwa kijijini ulikuwa unapita na filimbi nyumba kwa nyumba, jua halijatoka. "Amkeni nyie! Shamba la kijiji linajilima lenyewe?" Mzee Kasiani, jirani yetu, akiisikia tu anajifanya ana homa. Nyumbani ulikuwa hivyohivyo. Chumvi ikizidi kwenye mboga, mkutano.

Halafu ukaenda Sumbawanga, ukarudi mpole. Mpole! Ukakaa kwenye kigoda, ukaniuliza, "Mama Deo, wewe unaonaje?" Mimi? Miaka yote ile hukuwahi kutaka kujua naonaje. Nikasema huyu kapata mwanamke. Nikanusa mashati yako, nikakuta jasho na vumbi la lori tu. Nikasema basi anaumwa, kaambiwa anakufa, anatafuta radhi. Nikakupikia uji wa ulezi, ukamaliza, ukaomba mwingine. Mgonjwa gani huyo? Kila mkutano ukawa "nyie mnaonaje" na "kiongozi ajirekebishe yeye kwanza". Watu wakakupenda. Mimi nikazidi kukukodolea macho.

Ndipo ikaja habari ya zahanati. Kilitakiwa kiwanja, na hakuna aliyetaka kutoa shamba lake. Ukasimama, mkono kifuani. "Ndugu zangu, kiongozi anaanza na nafsi yake. Natoa shamba letu la karanga." Makofi! Mzee Kasiani alipiga hadi kofia ikamdondoka.

Shamba letu! Baba Deo, kila mtoto wa huku anajua karanga ni za mama. Mwanaume hata akitaka za kutafuna njiani, anaomba. Lile shamba nililing'oa visiki kwa mikono yangu, na humo ndimo zilimotoka sare za shule za Deo. Ulitaka kujitoa wewe, ukanitoa mimi. Nikasimama. "Mwenyekiti, hilo unalotoa si lako."

Wanaume wakaguna. Nilijua kinachofuata, mshipa wa shingo yako nilikuwa naufahamu kuliko wewe mwenyewe. Na kweli ukavimba. Watu wakaanza kukohoa. Kisha ukasema, "Kasema kweli. Nimekosea. Chukueni langu la tumbaku, nimeshalipiga matuta." Makofi yakaja mengi kuliko yale ya kwanza, na mimi hapohapo nikaingiwa na shaka. Mjanja huyu, nikasema, kapata njia ya kupigiwa makofi mara ya pili.

Jioni nilikungoja uanze kunigombeza. Ukala, ukanawa. Nikashindwa kuvumilia. "Semina ndiyo iliyokufundisha kusema vile?"

Ukacheka kidogo, bila furaha. "Semina ilinifundisha yale ya kwanza, ya kuanza na nafsi. Ya pili umenifundisha wewe, mbele za watu. Na imeniuma, Mama Deo."

Maneno matamu hayo. Nikayaweka pembeni, maana maneno hata kasuku anayo.

Mvua za kwanza ziliponyesha nikatangulia shambani kupanda karanga zangu, kijiji kizima bado kimelala. Nikasikia nyayo nyuma yangu. Wewe, jembe begani. "Nianzie wapi?" ukauliza. Nilikwenda hadi barabarani, nikaangalia huku, nikaangalia kule. Nikachungulia hata nyuma ya kichuguu, nikijua lazima umeleta mtu wa kukuona. Hapakuwa na mtu. Niliporudi ulikuwa umesimama palepale, unangoja kuambiwa. Nikakuonyesha mstari, na wallahi uliulima umepinda ajabu.

Sasa wewe hupo, zahanati ipo. Akina mama wanajifungulia pale palipokuwa na matuta yako. Wananiambia, "Mume wako alikuwa mtu yule," nami naitikia. Lakini moyoni bado nakuuliza, na nakukasirikia kwa kufa kabla sijamaliza kukuchunguza. Nimekukumbuka sana, mume wangu. Nyumba haina hata mtu wa kumshuku.

Deo naye atarudi mpole, najua, na "nyie mnaonaje" mdomoni. Leo asubuhi nimempa jibu lake. Nimemwambia, "Mwanangu, baba yako alibadilika, ila sijui kama ni kule Sumbawanga. Wewe nenda ukasome. Ukirudi, mkutanoni sitakuja kukusikiliza. Nitakwenda kumwuliza mkeo."

Pumzika, Baba Deo.

Ni mimi, mkeo,
Mama Deo