Kisusio cha Anna

Temeke, Jumamosi

Mke wangu hana nguvu hata ya kumshika mtoto. Tangu ajifungue damu inamtoka, na leo ameomba kisusio, ule mchuzi wa damu ya mbuzi ambao kwetu Kilimanjaro hupewa mzazi.

Nilikwenda kwa Mzee Salumu, mchinjaji.

"Damu ni haramu, mwanangu. Siuzi," alisema. Kisha akanong'ona, "Ila nikishachinja sitazami nyuma."

Nikakinga damu kwa bakuli, nikaikoroga isigande, nikapika mwenyewe.

Anna alionja kidogo tu. "Siyo kama cha mama," akasema, akafumba macho.

Mtoto analia. Sijui nimpe nini.

Kila nikimaliza mstari naacha kuandika, nasikiliza kama Anna bado anapumua.