Neno Laini la Karani

Jumatatu, 7 Julai
Tena vumbi la mkonge kwenye kola. Tena meneja na Kiingereza chake. Mimi ndiye karani na mkalimani wa shamba hili, na kamusi inanichosha. "Dislike" ni kutopenda tu, kama mtu asivyopenda mlenda. "Refuse" ni kukataa. "Loathe" ni kuchukia hadi kichefuchefu. Sisi husema hatutaki, yakaisha.
Mshenga wangu amepeleka posa Chanzuru kwa Mzee Mkude, mkata mkonge wa hapa. Namtaka binti yake, Zaina. Silali vizuri.

Jumatano, 9 Julai
Wakata mkonge wameongezewa kazi ya siku. Wamejaa mbele ya ofisi. Msemaji wao nani? Mzee Mkude! Akasema hawafanyi ng'o, na kazi yenyewe wanaichukia. Meneja akanigeukia. Nikaona mkwe wangu anafukuzwa. Nikalainisha. "Dislike," nikasema. Meneja akacheka, akasema hata yeye halipendi jua. Nyongeza ya kazi imebaki palepale.

Alhamisi, 10 Julai
Fundi wa mashine alikuwapo jana, naye amesoma misheni, Kiingereza anakijua. Amewaeleza wakata mkonge nilichosema. Hakuna anayeniamkia. Sokoni muuza nyanya kaniuliza, "Karani, hukatai, hupendi tu?" Watu wakaangua kicheko. Nimekasirika mno. Niliwaokoa! Fadhila ya punda mateke.

Jumamosi, 12 Julai
Leo hakuna aliyeingia shambani. Hata mmoja. Meneja kaniita mwongo: kama hawapendi tu, mbona wamegoma? Kabla ya adhuhuri akarudisha kazi kama zamani. Wameshinda bila mkalimani. Nilipaswa kufurahi. Sikufurahi.

Jumapili, 13 Julai
Mshenga karudi na posa yangu. Kanga na kilemba, vimekunjwa vilevile. Mzee Mkude kamwambia, "Mwambie tumekataa. Na wewe usimlainishie."
Nimelia. Mwanamume mzima.

Jumanne, 15 Julai
Nimekutana na Mzee Mkude kwenye njia ya Chanzuru, anasukuma baiskeli. Nilitaka anitukane, nipate cha kumshikia kinyongo. Nikamwambia shikamoo.
"Marahaba, baba. Mguu wa mama yako unaendeleaje?"
Nikasema unaendelea vizuri. Akasema nimsalimie, akapanda baiskeli yake.
Hanichukii. Ila binti yake hanipi.